Umefunga kipoozeo kipya cha prosesa na mashine inasumbua: dalili, sababu na tiba kwa bodi ndogo

Kauli ninayoisikia kuliko zote mezani kwangu hapa Moshi ni hii: "Shikamoo fundi, nimebadilisha feni ya prosesa tu, sasa mashine imegoma." Hilo neno "tu" ndilo linaloniuma. Kwenye bodi kubwa unaweza kukosea kidogo na mashine ikakusamehe. Kwenye mini-ITX, ambayo ni milimita 170 kwa 170, au hata micro-ATX ya milimita 244 kwa 244, RAM, nyaya, kadi ya picha na diski ya M.2 zimesongamana kando ya prosesa, na kosa la milimita mbili linagusa kitu kingine.

Nimeupanga mwongozo huu kwa malalamiko yenyewe jinsi yanavyonifikia. Tafuta dalili yako, anza na sababu ya kwanza, usiruke. Zilizotangulia ndizo ninazozikuta mara nyingi. Utaona pia kwamba karibu kila tatizo hapa chini linatokana na mbano: kipoozeo kimelegea, kimebanwa kupita kiasi, au kimebanwa upande mmoja. Kipoozeo chenyewe huwa kizima.

Kabla hujagusa chochote, zima mashine, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa bodi, hasa miezi ya kiangazi hewa inapokuwa kavu. Fanyia kazi juu ya meza au juu ya boksi la bodi yenyewe, kamwe si juu ya zulia au blanketi. Kaza kwa bisibisi ya mkono. Drili ya umeme iache kwa mafundi seremala.

## Kipoozeo hakikai kwenye mashimo, au kifuniko cha kasha hakifungi

Sababu ya kwanza ni soketi, yaani kiti cha prosesa kwenye bodi. Macho yanadanganya, kwa hiyo pima kwa rula kutoka katikati ya shimo hadi katikati ya shimo. Intel LGA 1150, 1151, 1155 na 1200 zina mraba wa milimita 75. LGA 1700, iliyoingia sokoni mwaka 2021, ni milimita 78. LGA 775 ya zamani ni 72. Kwa AMD, AM4 na AM5 ni mstatili wa milimita 90 kwa 54, wakati AM3 ni 96 kwa 48. Tofauti ya milimita tatu inaonekana ndogo, na hapo ndipo watu wanapolazimisha vimiguu vya plastiki mpaka vinapasuka. Kama kipoozeo kina umri mkubwa kuliko bodi, tafuta vishikizo vya soketi yako. Vingi huuzwa peke yake.

Kuna bodi chache za LGA 1700 zenye mashimo ya aina zote mbili, ya 75 na ya 78, ili vipoozeo vya zamani viingie. Vinaingia kweli, ila prosesa ya LGA 1700 ikiwa ndani ya soketi yake inakaa chini zaidi kwa kiasi kisichofika milimita 1. Kipoozeo kinashika, skrubu zinafika mwisho, lakini mbano hautoshi. Ukiona joto la ajabu kwenye bodi ya namna hiyo, fikiria hili mapema.

Sababu ya pili ni urefu wa kwenda juu. Mnara, yaani kipoozeo kirefu cha kusimama, maarufu kama Hyper 212 una takribani milimita 159, na kasha jembamba haliwezi kuumeza. Kwa upande mwingine kuna vipoozeo vifupi kama NH-L9i ya Noctua, milimita 37 pamoja na feni. Kabla ya kununua, pima kutoka juu ya prosesa hadi kwenye mstari wa kifuniko, toa milimita 5 za kupumulia, hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani. Angalia pia RAM zako: zenye mabawa marefu ya urembo zinagonga feni, na hapo tiba ni kubadilisha RAM au kipoozeo. Kuchonga bawa kwa tupa kunamwaga unga wa chuma juu ya bodi.

Ya tatu ni mashine za ofisi za mitumba, OptiPlex, EliteDesk na ndugu zao. Soketi ni ya kawaida, lakini skrubu za kipoozeo mara nyingi zinafungwa kwenye kasha lenyewe au kwenye bamba ambalo halitoki, na plagi ya feni wakati mwingine si ile ya pini nne. Maoni yangu kwa mashine hizi ni ya wazi: safisha kipoozeo cha awali, weka pesti mpya ya kupitishia joto, ishia hapo. Nimeona watu wakitumia pesa ya kutosha kununua RAM ya pili ili tu kubadilisha kitu ambacho hakikuwa kibovu.

## Mashine haiwaki, au inawaka sekunde mbili inazima

Usihofu kwanza. Sababu inayoongoza ni waya uliochomolewa ili mkono upite, ukasahaulika. Waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini nne au nane unaoingia pembeni ya soketi, ndio wa kwanza kuangalia, kwa sababu kipoozeo kipya kikishakaa unakuwa umefichika. Baada yake ni plagi kubwa ya pini 24, kisha kale kawaya kembamba ka kitufe cha kuwashia.

Pili, RAM iliyosogea. Ukiegemeza mkono kwenye bodi ndogo unapokaza skrubu, RAM inainuka upande mmoja bila wewe kujua. Itoe, irudishe, bonyeza mpaka usikie mlio.

Tatu ni shoti kutoka nyuma. Bodi nyingi za mini-ITX zina vipande vilivyochomelewa upande wa nyuma, na baadhi zina nafasi ya M.2 hukohuko. Bamba la nyuma la kipoozeo kipya likiwa pana, au likigeuzwa vibaya, linakalia vipande hivyo. Toa bodi, ishike usawa wa macho kwenye mwanga, na uangalie kama kuna nafasi kati ya bamba na kila kipande. Kama hakuna, usiwashe. Kitambaa cha plastiki kilichokuja na kipoozeo ndicho kinachotakiwa kukaa katikati. Karatasi ya daftari na solotepu si mbadala.

Nne, pini za soketi. Ukifika hapa, mashine imeshaondoka kwenye kazi ya nyumbani. Soketi za LGA za miaka ya karibuni zina pini zaidi ya elfu moja, nyembamba kama unywele. Ukimulika tochi kwa pembeni ukaona moja inameta tofauti na wenzake, funga kifuniko cha plastiki cha soketi na umpelekee fundi mwenye lenzi. Usiguse kwa sindano. Ukisikia harufu ya kuungua wakati wowote, chomoa ukutani na usijaribu tena hata mara moja "kuhakikisha".

## Inawaka, lakini nusu ya RAM imepotea

Hii ndiyo dalili inayowachanganya wengi, kwa sababu hakuna anayeihusisha na kipoozeo. Mtu ana 16 GB, anafunga kipoozeo, mashine inamwambia 8 GB. Anakimbilia kununua RAM.

Kijana mmoja alishuka na mashine yake kutoka Arusha, kaipakata kwenye basi kilomita zote 80 kama mtoto. Bodi ya mini-ITX, RAM mbili, moja haionekani. Alikuwa ameshabadilisha RAM mara mbili. Nilifungua kifuniko, nikainama, nikaangalia bodi kwa ubavu: ilikuwa imepinda kama sahani, kona ya karibu na RAM imevutwa chini. Skrubu ya kona hiyo ilikuwa imekazwa mpaka springi yake imelala kabisa, ya kona ya pili bado ina pumzi. Nilizima, nikachomoa, nikalegeza zote nne, nikaanza upya kwa mzunguko mmoja mmoja, kona na kona inayoitazama. Nikawasha. 16 GB. Alikaa kimya kwanza, halafu akauliza kama zile RAM mbili alizonunua zinaweza kurudishwa.

Maelezo yake ni kwamba mawasiliano ya RAM yanapita kwenye pini za soketi. Prosesa ikikandamizwa upande mmoja, upande wa pili unanyanyuka kiasi kidogo sana, pini chache zinakosa mguso, na mkondo mmoja wa RAM unapotea. Mara nyingine badala ya RAM inapotea kadi ya picha au diski ya M.2.

Fanya hivi. Legeza skrubu zote, usitoe. Kaza ya kwanza mizunguko miwili, nenda ya kona inayoitazama, mizunguko miwili, kisha jozi ya pili. Rudia mpaka zote zifike. Skrubu nzuri zina kikomo. Ukifika unahisi ukuta, na hapo pana mbano wa kutosha, hakuna faida ya kuongeza. Kama RAM haijarudi, zihamishe nafasi ili ujue kama ni RAM au nafasi. Nafasi ileile ikiendelea kuwa mfu baada ya kukaza upya kwa usawa, rudi kwenye suala la pini hapo juu, na lile ni la fundi.

## Joto linapanda

Hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu namna joto linavyopanda inakuambia chanzo. Fungua programu ya kusoma joto, HWiNFO au Core Temp, acha mashine itulie dakika tano, kisha ipe kazi nzito, gemu au programu ya majaribio ya Cinebench, huku ukitazama namba.

Kama linaruka kutoka 40 hadi 95 ndani ya sekunde chache, joto halitoki kwenye prosesa kwenda kwenye kipoozeo. Tatizo ni la mguso. Kama linapanda polepole, dakika kumi au kumi na tano, joto linatoka lakini halina pa kwenda. Tatizo ni la hewa. Haya ni magonjwa mawili tofauti, na dawa ya moja haitibu lingine.

Kwa kiwango, prosesa iliyotulia kwa nyuzi 30 hadi 45 iko salama, na kwenye kazi nzito 70 hadi 85 haina shida. Prosesa nyingi za Intel hujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 100. Ryzen 7000 nyingi za AMD zimewekewa kikomo cha 95. Ukiona zinagota huko kila mara, simamisha kazi.

Likiruka haraka. Kabla ya lolote, angalia kama uliondoa karatasi ya plastiki chini ya kipoozeo. Ndiyo, najua. Lakini mwaka hauishi bila kuikuta. Unainua kipoozeo, pesti imekaa vizuri kabisa, na juu yake kuna plastiki angavu imeshika alama ya prosesa, pembeni limeandikwa onyo la kuitoa.

Kama plastiki ilitolewa, angalia alama ya pesti. Pesti iliyobanwa vizuri imetanda nyembamba hadi karibu na kingo zote. Ikiwa nene upande mmoja na imekwanguka upande mwingine, kipoozeo kimekaa mshazari. Ikiwa nene pote, hakijabana. Kwa vipoozeo vya pini za kubonyeza, vile vinavyokuja na Intel, mshale juu ya kila pini unaonyesha upande wa kufungulia. Zungusha kinyume chake kabla ya kufunga, kisha bonyeza jozi za kona kwa kona mpaka zilie. Halafu geuza bodi: kila mguu mweupe unatakiwa uwe umetokeza wote, pini nyeusi ikiwa katikati yake. Mmoja ukiwa juujuu, vingine vitatu havisaidii.

Kuweka pesti upya: futa ya zamani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti safi ya isopropili, ngoja ikauke, weka tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati. Prosesa ya LGA 1700 ni ya mstatili, kwa hiyo vuta pesti iwe mstari mfupi. Usisambaze kwa kidole, mafuta ya ngozi yanabaki. Na kama mtu amekushauri utumie pesti ya metali ya majimaji, kataa kwenye bodi ndogo. Inapitisha umeme, tone moja likitoroka linaua bodi, na galiamu iliyomo inakula alumini.

Likipanda polepole. Ondoa kifuniko cha pembeni na urudie jaribio. Likishuka nyuzi kumi, kasha linakosa hewa, kipoozeo hakina kosa. Feni yenye upande wazi ndiyo inavuta. Upande wenye vijiti vinavyoshika mota ndiko hewa inakotokea. Kwenye kasha dogo nimekuta feni mbili zinapuliziana uso kwa uso. Elekeza zote njia moja, mbele kuingia, nyuma au juu kutoka.

Kisha kuna suala la kipoozeo kilichozidiwa. Ryzen ya AM4 iliyoandikwa waati 65 inaruhusiwa kuvuta hadi 88, na i5-12400 iliyoandikwa 65 hufika 117. Kipoozeo cha milimita 37 hakitaweza hizo 117 kwa muda mrefu, hasa Moshi mwezi wa pili, chumba kikiwa nyuzi 32. Badala ya kununua kingine, ingia BIOS, ukurasa wa mipangilio ya bodi unaofunguliwa mashine inapowaka, upunguze kikomo cha waati. Kwa kazi za ofisi na gemu za kawaida huenda usihisi tofauti.

Wa Arusha mna baridi ya kuwasaidia, ila mko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 10. Feni inazunguka sawa lakini inabeba hewa pungufu. Kwa hiyo usishangae namba zako zikiwa juu kidogo kuliko za mtu wa pwani mwenye chumba cha baridi ileile.

Joto la prosesa zuri, mashine bado inalegea. Hili ni la mnara kwenye bodi ndogo. Kipoozeo cha awali kilikuwa kinapuliza chini na kupoza vidhibiti vya umeme pembeni mwa soketi. Mnara unapuliza kwa ubavu, vidhibiti vinabaki bila upepo na vinailazimisha prosesa kupunguza kasi. Ongeza feni ndogo inayovielekea, au rudi kwenye kipoozeo kinachopuliza chini. Kwa mini-ITX, mimi huchagua hicho cha pili tangu mwanzo.

## Ujumbe wa CPU Fan Error, au feni inapiga kelele

Plagi imeingia mahali pabaya. Tafuta pini zilizoandikwa CPU_FAN kwenye bodi. SYS_FAN na CHA_FAN ni za feni za kasha. Kama iko sahihi, feni mpya huenda inazunguka taratibu kuliko kiwango cha chini kilichowekwa BIOS. Shusha kiwango hicho. Usizime onyo lote, kwa sababu siku feni itakapokufa kweli hakuna kitakachokuambia.

Kelele ya kukwaruza ni waya unaogusa mapanga. Kelele ya kupanda na kushuka kila sekunde ni mpangilio wa kasi. Weka ngazi za taratibu BIOS. Feni ya pini tatu ikizunguka kasi yote muda wote, badilisha mpangilio wake kwenye BIOS kutoka PWM (kasi inaongozwa na pini ya nne) kwenda DC (kasi inaongozwa na volti).

Usiunge feni tatu nne kwenye CPU_FAN kwa kigawanyio. Kwa kawaida hapo pana ampea 1, na njia hiyo ikiungua, ni kazi ya kuchomelea.

## Kipoozeo kimetoka na prosesa

Hii ni ya AM4, kwa sababu prosesa yake ndiyo yenye pini na soketi haiifungi kutoka juu. Pesti iliyokauka inainata, unavuta, inachomoka na pini zake huku kikufuli kimefungwa. Usijaribu kuirudisha ikiwa bado imenata. Ipashe kwa kikausha nywele kwenye joto la wastani, izungushe kushoto kulia mpaka iachie. Angalia mistari ya pini kutoka pande zote mbili. Moja mbili zilizoinama kidogo, mtu mwenye mkono mtulivu anaweza kuzinyoosha kwa ncha ya kalamu ya risasi ya kubofya iliyotolewa risasi. Zaidi ya hapo, au ikiwa moja imekatika, leta kwa fundi pamoja na pini yenyewe kama umeipata.

Ili isitokee: endesha mashine kwa kazi nzito dakika kumi kabla ya kufungua, zima, chomoa, legeza skrubu, kisha zungusha kipoozeo kabla ya kukiinua. Na ukifungua zile skrubu nne za vishikizo vya AM4, weka mkono nyuma ya bodi, bamba la nyuma linadondoka. Litunze, vipoozeo vingi vinalihitaji. La AM5 linabaki mahali pake, limeshikwa pamoja na soketi. Usilifungue.

## Ilikuwa sawa, imeharibika baada ya kusafirishwa

Legeza mawazo ya pesti mbovu. Kama imepanda bodaboda kutoka Pasua au basi kutoka Arusha, kwanza angalia kama kipoozeo kinacheza ukikigusa kwa kidole. Mnara wa karibu kilo moja ukining'inia kwa ubavu, kila tuta barabarani linauvuta ushikizo wake. Pini za kubonyeza ndizo zinazoachia kwanza.

Ukisafirisha, laza kasha ili bodi ilale chini na kipoozeo kisimame juu yake. Mnara mkubwa, utoe kabisa na uubebe peke yake, pesti utaweka upya ukifika. Na usiiwashe palepale ulipoipokea kabla hujafungua kifuniko na kutazama: skrubu iliyodondoka juu ya bodi wakati wa safari haionekani kutoka nje.